Krimu ya mapazia yetu siyo ya TikTok peke yake

Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu. Juma lililopita ukurasa wenu wa mitindo ulisema watu wa Uganda siku hizi wanapenda krimu na kijivu kwenye nyumba na kwenye nguo sababu wanaiga TikTok, basi. Mimi ni fundi hapa Jinja, nashona mapazia na gomesi, yale magauni marefu ya heshima ya kina mama wa Uganda, mwaka wa kumi na nne sasa, na hiyo habari imenikera manake mmeiacha nusu.

Ni kweli mteja anakuja na simu, anafungua picha, anasema fundi nataka kama hii. Lakini mngekaa na mimi dukani mngesikia anachosema baada ya picha. Mama mmoja mwalimu alinionyesha sebule nzuri sana, mapazia mekundu ya damu ya mzee, tukapima dirisha, akalipa kianzio, siku tatu baadaye akarudi mbio anasema fundi badilisha, weka krimu, mume wangu amesema tukipiga picha humu ndani watu wa kazini watafikiri tumejiunga na wapinzani. Hakucheka, na mimi sikucheka.

Hii haikuanza jana. Mwaka 2017 wakati wa ubishi wa kuondoa kikomo cha umri wa rais watu waliopinga walifunga vitambaa vyekundu kichwani, mimi mwenyewe nilikata vipande vingi vya hivyo, halafu bereti nyekundu ya watu wa Bobi Wine, yule mwanamuziki aliyegeuka mwanasiasa wa upinzani, ikajaa kwenye simu zote, hata vijana wasiojua mkutano wa chama ukoje walipiga picha nayo, ilikuwa ndiyo fasheni. Septemba 2019 serikali ikatangaza kwamba bereti hiyo ni vazi la jeshi, raia akikutwa nayo ni kesi. Kutoka hapo wateja wakaanza kuniuliza kama hata gauni jekundu la kawaida lina shida, na mimi nawajibu nini?

Njano nayo imepata mkosi wake. Ni rangi ya NRM, chama tawala, na msimu wa kampeni fulana za njano zinagawiwa bure mpaka watu wanalalia. Basi bibi harusi anakataa gomesi ya njano kwenye kwanjula yake, sherehe ya kumtambulisha bwana kwa wazazi, rangi aliyoipenda tangu mtoto, sababu picha zikiwekwa mtandaoni watu watatukana familia yake kwamba wamekula hela. Hata mwamvuli, tangu NUP, chama cha Bobi Wine, iuchukue kuwa alama yake, nimeona mtu anafikiri mara mbili kabla ya kuupigia picha, na Jinja hapa mvua inanyesha kila siku!

Zamani pazia lako aliliona jirani na mgeni aliyekuja kunywa chai. Saa hii sebule iko kwenye status ya WhatsApp, anaiona bosi, anaiona mwenyekiti wa LC, yaani wa baraza la mtaa, anaiona shemeji wa chama kile kingine, na kila mmoja anasoma rangi kama anasoma gazeti. Ndiyo sababu watu wanachagua rangi isiyosema kitu. Najua krimu inapendwa hata Ulaya, sikatai, lakini huko hakuna vumbi letu. Pazia la krimu kwa vumbi jekundu la hapa linataka kufuliwa kila wiki, maji tunanunua, sabuni imepanda, na bado mtu analitaka. Mtu anayeamua tu kwa kupenda hawezi kujitesa hivyo.

Marehemu bibi yangu alikuwa akituhadithia mwaka 1972 Amin alipopiga marufuku sketi fupi, jinsi wasichana walivyokuwa wanafumua pindo usiku kuongeza urefu wa sketi walizokuwa nazo, na yeye akiwa na cherehani alipata kazi nyingi sana mwezi ule, lakini alisema ile hela haikumfurahisha. Mimi namwelewa sasa. Krimu inaniletea wateja na inaniumiza, manake vitambaa vya nchi hii nimevijua vikiwa na rangi, ukipita Owino au Kikuubo, kule sokoni Kampala, macho yanajaa, kitenge kimoja kina rangi sita na hakuna aliyekuuliza ni wa chama gani.

Ninachoomba, mhariri, waandishi wenu wa mitindo watoke kwenye simu waje kwa mafundi, wakae siku moja tu wasikilize wateja wanavyochagua na wanavyobadilisha mawazo. Na hao wakubwa wa vyama vyote, nasema vyote, waambieni rangi walizikuta.

Lile jora jekundu la mama mwalimu bado liko dukani kwangu, mita kumi na mbili, kitambaa kizito kizuri, sijalipunguza bei. Atakayelitaka namshonea.

Fundi mapazia,
Jinja