Barua ya wazi kwa Rais wa Baraza Kuu la Mahakimu: dosie (faili za kesi) zikilala, nani anaulizwa?

Mheshimiwa Rais,

Ninakuandikia kutoka Kampemba, Lubumbashi, hapa Kongo, juu ya karatasi tunazopeleka grefuni, ofisi ya karani wa mahakama, na juu ya hakimu ambaye hakuna anayemuuliza amezifanyia nini.

Kesi nyingi za hapa kwetu ni za parsele. Mzee anafariki, ndugu zake wanauza kiwanja, mjane anakwenda kushtaki. Anakopa ili alipe avoka (wakili), hati zinawekwa, kesi inasikilizwa na kuingia delibere, yaani inangoja mahakimu waamue. Sheria inampa hakimu siku 30 kutoa hukumu katika kesi ya madai. Zinapita. Mjane akirudi anaambiwa hakimu yuko misheni, safari ya kazi. Safari nyingine, hakimu amehamishwa, mijadala itafunguliwa upya. Muda huo wote mnunuzi anapandisha ukuta, anaezeka, anaingiza wapangaji. Hata hukumu ikija kumpa mjane haki, nani atawatoa watu hao? Dosie inayolala inamnufaisha yule aliyekwisha kushika kiwanja, na yeye analijua hilo vizuri.

Nimesoma pia hukumu ambayo haikugusa hata kidogo hati iliyopokelewa na kupigwa stempu, hati iliyobeba kesi nzima. Katiba ya 2006, kifungu cha 21, inataka kila hukumu iandikwe na ieleze sababu zake. Sababu gani zimeelezwa, ikiwa hoja kuu ya upande mmoja haikujibiwa?

Najua jibu la wanasheria: raia anaweza kumshtaki hakimu mwenyewe, kwa njia wanayoiita priz-a-parti. Ni kweli, na kukataa au kuzembea kuamua kesi iliyo tayari ni moja ya sababu zake. Lakini lazima usie, mpeleka hati wa mahakama, ampelekee hakimu maonyo mawili, yaachane kwa siku 8 au zaidi, kisha shauri lifunguliwe Mahakama ya Kasasyo, Kinshasa, zaidi ya kilometa 1,500 kutoka hapa. Mjane wa Katuba atafikaje huko? Na ni avoka yupi wa Lubumbashi atakayemtumia usie hakimu ambaye wiki ijayo atasimama mbele yake kwa kesi ya mteja mwingine? Mlango upo, Mheshimiwa, ila watu wa kwetu hawaufikii.

Sikuombi uguse uhuru wa hakimu. Hukumu ikinikera, nitakata rufaa. Katiba inasema hakimu anatii sheria peke yake, na siku 30 nazo ni sheria. Najua pia wengi wanaandika hukumu kwa mkono, bila kompyuta, ofisi moja watu kadhaa. Kwa hiyo kuchelewa kwingine kuna sababu, na hakimu wa namna hiyo anastahili kusikilizwa. Ninachokikataa ni kuchelewa kusikoandikwa popote, kusikoulizwa na yeyote.

Novemba 2024 mkutano mkubwa wa haki ulifanyika Kinshasa kuuliza kwa nini haki ya Kongo inaitwa mgonjwa. Sisi wa huku tunaomba jambo dogo ambalo halingoji sheria mpya. Kila mwezi, mkuu wa kila mahakama abandike mlangoni orodha ya kesi zilizo delibere: namba ya kesi, tarehe ilipoingia, majina ya mahakimu. Nakala iende kwenye chumba cha nidhamu cha Baraza lako mkoani. Siku zikipita, hakimu aeleze kwa maandishi kabla mjane hajalalamika. Maelezo yakikosekana, chumba kifungue dosie ya nidhamu chenyewe. Na kila karatasi inayowekwa grefuni ipewe stempu na tarehe palepale, bila kudaiwa faranga ya pembeni.

Nidhamu ya mahakimu iko mikononi mwa Baraza lako. Tunaomba uanzie Lubumbashi, na utujibu hadharani.

Mkaaji wa Kampemba