Kelele za msumeno wa meza zitafutiwe dawa kwenye mashine yenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niongeze neno kwenye mjadala wa karakana za useremala zilizomo majumbani, mjadala ambao naona umekwama kwenye suala la saa: majirani wanataka msumeno uzimwe jioni, nasi mafundi tunajitetea kwamba mchana ni wetu. Utetezi huo ni dhaifu kuliko wengi wetu tunavyodhani. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 kuhusu kelele na mitetemo zinaweka kikomo cha desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 50 mchana, nje ya nyumba katika maeneo ya makazi, na 35 usiku, na usiku huo huanza saa mbili. Msumeno wa meza ukipasua mbao ngumu kama mvuli hufikisha karibu desibeli 100 masikioni mwa anayeutumia. Mahali pa wazi sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu, kwa hiyo jirani aliye mita kumi hivi bado anapata takriban 80. Na hata tukikumbuka kuwa kikomo hicho ni cha wastani wa mchana mzima, saa moja ya kupasua inatosha kukivuka. Kuzungushia mabati hakusaidii sana, kwa kuwa bati ni jepesi mno kuzuia sauti, na kwa aliye ndani huirudisha tu.

Jirani, hata hivyo, si wa kwanza kuumia. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza mtu asikae kwenye desibeli 85 kwa zaidi ya saa nane kwa siku, na muda huo upunguzwe kwa nusu kila kelele inapopanda desibeli 3. Kwa hesabu hiyo, desibeli 100 zinaruhusiwa dakika 15 tu. Mtoto anayeitwa kutoka ndani aje kushika ncha ya ubao naye yumo katika hesabu hiyo, na sijaona karakana nyingi zenye vikinga masikio vya mtu wa pili.

Sehemu kubwa ya kelele hizi inapungua bila kusimamisha kazi. Diski ya msumeno ikizunguka kabla hata ya kugusa mbao, meno yake hukata hewa na bamba lake hutetemeka, na mwendo ukioana na mtetemo huo hupiga mluzi mkali. Ndiyo maana diski bora hukatwa mifereji myembamba iliyojazwa utomvu mgumu, ambayo watu huidhania kuwa ni pambo. Diski butu au iliyopinda hupiga kelele zaidi, tena huunguza mbao. Anayetaka kujua kelele zake zinatoka wapi achomoe waya wa umeme, aondoe diski na nati yake, kisha arudishe waya na kuwasha mota peke yake: ukelele ukibaki, tatizo liko kwenye mota, beringi au mkanda, ukitulia, akaitazame diski.

Mota nayo ina maneno yake. Msumeno mdogo wa kubeba hutumia mota ya kaboni, yaani ile inayopitishiwa umeme na vipande vya kaboni, inayozunguka kwa kasi kubwa sana na kulia kuliko mota nzito ya mkanda. Wengi wetu, kwa kubana matumizi, tumegeuza msumeno wa mkono na kuufunga chini ya meza ya plaiwudi, na meza hiyo tupu huvumisha mtetemo kama ngoma. (Hatari ya vidole ni barua nyingine.) Mpira mnene chini ya miguu ya meza na kati ya mashine na ubao ni wa bei ndogo, na tofauti yake husikika siku hiyohiyo.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria inataka kijitabu cha mashine ya namna hii kitaje kiwango cha kelele zake, na baadhi ya mashine zinazofika madukani kwetu huja na kijitabu hicho ndani ya boksi. Wauzaji wetu hutaja nguvu za mota na upana wa diski, na hapo huishia. Mnunuzi aombe boksi lifunguliwe na asome ukurasa huo kabla ya kulipa. Nao wenye maduka waandike namba hiyo kwenye kibandiko cha bei.

Fundi seremala,
Kisauni, Mombasa