Tusipewe nadharia ya vidonge vya moyo ambayo imepimwa ikashindwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nitoe maoni yangu kuhusu makala ya ukurasa wa afya iliyowashauri wasomaji wamezao vitamini E na beta-karotini (kiini cha rangi ya karoti ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A) kila siku waendelee, na wasiomeza waanze, ili wajikinge na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mwandishi alieleza vizuri jinsi ugonjwa huo unavyoanza, na sina ugomvi na sehemu hiyo. Ninachopinga ni namna alivyotoka kwenye maelezo ya utendaji wa mwili akaingia moja kwa moja kwenye ushauri wa kumeza vidonge, kana kwamba katikati hapakuwa na swali. Swali lipo, lilikwisha kuulizwa, na jibu lake limejulikana kwa zaidi ya miaka ishirini.

Nadharia yenyewe si ya kubeza. Lehemu (kolesteroli) ile iitwayo mbaya inapopenya ukuta wa mshipa wa moyo na kuharibiwa na oksijeni, humezwa na chembe za kinga za mwili, ambazo hujaa mafuta na kuanzisha utando unaonenepa mwaka hadi mwaka. Siku utando huo unapopasuka, damu huganda juu yake, mshipa huziba na msuli wa moyo hukosa damu. Kwa kuwa vitamini E huzuia uharibifu huo katika maabara, ilikuwa halali kabisa kudhani kwamba ingeuzuia pia ndani ya mwili wa binadamu. Mwaka 1993 dhana hiyo ilipata nguvu kubwa, pale uchunguzi uliowafuatilia wauguzi wanawake zaidi ya 87,000 nchini Marekani ulipoonyesha kwamba wale waliopata vitamini E kwa wingi zaidi waliugua mishipa ya moyo pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko waliopata kidogo kabisa.

Hapo ndipo pa kutulia na kufikiri. Wauguzi wale hawakupangiwa na mtu nani atumie vitamini na nani asitumie. Kila mmoja alijiamulia. Mtu anayekumbuka kumeza kidonge cha vitamini kila asubuhi kwa miaka mingi, bila kuandikiwa na daktari, mara nyingi ndiye yule yule asiyevuta sigara, anayefanya mazoezi, anayekula mboga na matunda na anayepima shinikizo la damu kabla hajaumwa. Watafiti hujaribu kuziondoa tofauti hizo kwa hesabu, lakini hesabu huondoa kile tu kilichopimwa, na moyo wa kujitunza haupimiki kirahisi. Ili tujue kama ni kidonge kinachokinga au ni mmezaji wake, hatuna budi kuwagawa watu kwa kura, nusu wapewe kidonge chenye vitamini na nusu wapewe kitupu kinachofanana nacho, wao na madaktari wao wasijue nani kapewa kipi, kisha wahesabiwe waliopata mshtuko wa moyo na waliofariki.

Kazi hiyo ilifanyika. Jaribio liitwalo HOPE, lililotangazwa mwaka 2000, lilihusisha watu zaidi ya 9,500 wenye umri wa miaka 55 au zaidi waliokuwa katika hatari kubwa. Baada ya miaka minne na nusu hivi, waliopata mshtuko wa moyo au kiharusi, au waliokufa kwa maradhi ya moyo na mishipa, walikuwa asilimia 16.2 kati ya waliomeza vitamini E na asilimia 15.5 kati ya waliomeza kidonge kitupu. Mwaka 2002 yakatoka matokeo ya jaribio kubwa zaidi la Uingereza, lenye washiriki 20,536, ambamo vitamini E, vitamini C na beta-karotini zilitolewa kwa pamoja. Vitamini zilipanda katika damu yao, kwa hiyo hakuna awezaye kudai kwamba hawakuzimeza, lakini mishtuko ya moyo haikupungua. Katika jaribio hilo hilo, kwa watu hao hao, simvastatini, dawa ya kushusha lehemu, ilipunguza mishtuko ya moyo na viharusi kwa takriban robo. Natamani kila msomaji ausome ulinganisho huo mara mbili.

Wako wanaojibu kwamba watu hao walikuwa wamekwisha kuugua na kinga ilichelewa. Hoja hiyo nayo ilipimwa: madaktari wanaume 14,641 wa Marekani, wengi wao wakiwa wazima, walifuatiliwa kwa takriban miaka minane, na mwaka 2008 ikatangazwa kwamba vitamini E na vitamini C hazikuwakinga na maradhi makubwa ya moyo na mishipa. Kuhusu beta-karotini habari ni mbaya zaidi, kwa sababu wavuta sigara wa Finlandi waliopewa kidonge hicho walipata saratani ya mapafu kwa wingi zaidi kuliko wenzao, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 na ambayo makala yenu haikuyataja hata kwa sentensi moja.

Kisa cha homosisteini kinafundisha vilevile. Wagonjwa wa moyo huonekana kuwa na kiasi kikubwa cha kemikali hiyo katika damu, na asidi ya foliki pamoja na vitamini B12 huishusha. Nchini Norwei wagonjwa 3,749 waliokuwa wametoka kupata mshtuko wa moyo waliingizwa katika jaribio la vidonge vya namna hiyo. Homosisteini ikashuka kwa zaidi ya robo, mishtuko ya moyo isipungue. Kipimo cha maabara kilitengemaa na mgonjwa akabaki na hatari ile ile.

Sisemi kwamba kila kidonge ni bure. Mafuta ya samaki yana historia yenye utata: jaribio la Italia la mwaka 1999 liliona manufaa kwa waliowahi kupata mshtuko wa moyo, lakini majaribio ya baadaye yaliyotumia gramu moja kwa siku kwa watu ambao hawajaugua hayakuona upungufu wa jumla wa maradhi makubwa ya moyo, na dozi kubwa zimeonekana kuongeza aina moja ya mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida. Mwenye upungufu wa vitamini uliothibitishwa naye anastahili kutibiwa. Hilo ni jambo jingine kabisa na kinga ya moyo.

Naandika haya kwa uchungu, Mhariri, kwa sababu mimi nilimeza vitamini E kwa miaka sita kabla moyo wangu haujapata mshtuko. Haikunidhuru kwa namna ninayoweza kuithibitisha. Iliniliwaza. Nilikuwa nimeambiwa shinikizo langu la damu liko juu, nikaahirisha dawa mwezi baada ya mwezi kwa kuamini kwamba tayari nilikuwa nafanya jambo fulani kwa ajili ya moyo wangu. Wagonjwa wenzangu wawili kliniki wamenieleza karibu maneno hayo hayo kuhusu statini zao, yaani dawa za kushusha lehemu. Na kwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, tatizo si liwazo tu: vitamini E kwa dozi kubwa inaweza kuongeza hatari ya kutokwa na damu, na vitamini K hupunguza nguvu ya dawa yenyewe.

Ninachoomba ni kwamba ukurasa wa afya unapotaja kidonge chochote kuwa kinga ya moyo, ueleze kilijaribiwa kwa akina nani, kwa muda gani, kwa kulinganishwa na nini, na wangapi kila upande walipata mshtuko wa moyo. Ninaomba pia matokeo haya ya vitamini E na beta-karotini yachapishwe katika ukurasa ule ule na kwa herufi za ukubwa ule ule, maana wapo wasomaji walioanza kumeza vidonge hivyo wiki iliyopita kwa kuwaamini ninyi.

Wako,
Msomaji na mgonjwa wa moyo