Masomo ya mashine za CNC yarekodiwe kwa Kiswahili, kwa milimita na kwa mbao zetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikishie walimu wa ufundi, hasa wa vyuo vya VETA, ombi langu kuhusu mashine za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta, ambazo sisi mafundi tunaziita CNC.

Mimi ni seremala wa Keko, Dar es Salaam. Kuchora kwa kompyuta nimejifunza kwenye video za YouTube, usiku baada ya kufunga karakana, simu nikiwa nimeiegemeza kwenye kopo la vanishi. Waliozirekodi nawashukuru kwa moyo wote. Mtu aliye Marekani au Uingereza, asiyenifahamu, amenionyesha bila kunitoza hata senti namna ya kuchora mstari katika programu za kompyuta kama VCarve au Fusion, kukipangia kisu njia yake na kina chake, kisha kutoa faili ambalo mashine italisoma. Tena nimemrudisha nyuma mara kumi bila yeye kukunja uso.

Lakini mwalimu huyo haoni ubao ulio mezani kwangu. Nilipojaribu kwa mara ya kwanza kuchonga mninga, kwa ajili ya mlango wa mteja, mwalimu alisema mwendo wa kisu kwenye ubao uwe 100, nami nikaandika 100. Kumbe yeye alihesabu inchi kwa dakika, na programu yangu ilikuwa imewekwa kwenye milimita. Mwendo wake ulikuwa sawa na milimita 2,540, wakati wangu haukufika hata sehemu moja ya ishirini ya huo. Kisu chenye makali mawili, kinachozunguka mara 18,000 kwa dakika, kikisogea polepole kiasi hicho hakikati tena, bali kinasugua. Kabla sijaifikia swichi moshi ulikuwa umeshapanda, mfereji wa nakshi umekuwa mweusi kama mkaa, na ubao ule niliulipa mimi. Aliyenifundisha kuangalia kinachotoka chini ya kisu ni mzee mmoja jirani, ambaye hajawahi kugusa kompyuta: yakitoka maranda madogo, mwendo ni mzuri, ukitoka unga laini kama wa ugali, kisu kinaungua, basi ongeza mwendo au punguza mzunguko.

Vijana wawili ninaofanya nao kazi wameishia darasa la saba. Kwa patasi wamenizidi, na nakshi za minyororo na waridi za milango ya Zanzibar wanazichora kwa penseli bila kuangalia popote. Mbele ya video ya Kiingereza, hata hivyo, wanaona mshale ukitembea tu, wasijue kwa nini umebonyezwa hapa na si pale, hivyo wanakariri mahali pa vitufe. Programu ikisasishwa na kitufe kikahamishwa, somo lote limepotea, na bando limekwisha.

Ndiyo maana naomba walimu wetu warekodi masomo mafupi kwa Kiswahili, kamera ikionyesha kompyuta na mashine kwa pamoja. Waanze na vipimo, kwa kuwa hapo ndipo ubao wangu ulipoteketea. Wafuate na kuweka sifuri, yaani mahali mashine inapoanzia kupima, juu ya ubao, na kubana ubao usije ukaruka, jambo ambalo ni la usalama wa mtu. Wafundishe pia kupima unene kwa kalipa kabla ya kuchora maungio, maana plaiwudi inayouzwa kuwa ya milimita 18 mara nyingi haifiki hapo, na kabati likiungwa kwa kuamini jina la dukani hulegea. Na kila istilahi waitamke kama fundi anavyoitamka karakanani.

Kwa upande wangu, mwalimu atakayekuja na kamera Jumamosi yoyote nitampa mashine, umeme na vipande vya mninga vya kujaribia, bila malipo.

Fundi seremala,
Keko, Dar es Salaam