Shimo la Mungu: tangazeni saa ya kugeuka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na viongozi wa klabu za jogging za Mtwara na Lindi. Jumamosi ya pili ya mwezi imekuwa siku ya mazoezi kitaifa tangu Desemba 2016, na klabu inayoacha lami mara moja kwa mwezi ikaingia njia za porini haijakosea. Kinachokosewa ni ratiba, hasa kwa safari za kushuka Shimo la Mungu, ule ukingo wa uwanda wa Makonde pale Newala.

Mlima tuliouzoea hupandwa kwanza. Ukichoka, unageuka na kuteremka. Newala ni kinyume. Mji uko juu ya uwanda wa Makonde, bonde la Ruvuma liko chini, kwa hiyo watu wanashuka wakiimba huku mlima wote ukiwasubiri wakati wa kurudi. Tena ukingo ule unatazama magharibi: asubuhi una kivuli, mchana jua linaupiga usoni. Anayeanza kupanda saa 7 mchana anapanda kwenye kikaango.

Basi tangazo liandike saa ya kugeuka, si saa ya kukutana tu. Mkianza kushuka saa 12:30 asubuhi, saa 2:00 geukeni popote mlipofika. Kundi lenye vijana na watu wazima likadirie muda wa kupanda, pamoja na mapumziko, kuwa mara mbili ya ule wa kushuka. Saa 5 mko juu.

Maji yabebwe yote. Mchanga wa uwanda humeza mvua, usitegemee kijito njiani. Lita 3 kwa kila mtu, na katika kushuka iguswe lita 1 tu. Kiongozi awe na pakiti za ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini. Zikikosekana, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vya kusawazishwa, kwa lita 1 ya maji safi. Anayelalamika kichwa na kichefuchefu aketishwe kivulini, awekewe kanga mbichi shingoni, na asiambiwe "jikaze tumefika". Akianza kuongea ovyo, huyo ni wa hospitali.

Kuna jambo la mikorosho ambalo watu wa mjini husahau. Msimu wa kupuliza salfa, dawa ya unga ya mikorosho, kama Juni hadi Agosti, wakulima hufanya kazi hiyo alfajiri, majani yakiwa na umande na upepo umetulia. Ni saa zilezile za kwenu. Vumbi lake huwasha macho na kubana kifua, na mwenye pumu ataumia zaidi. Mwenyekiti wa kitongoji aulizwe siku mbili kabla ni mashamba yapi yatapulizwa. Ni simu moja tu. Kiangazi hichohicho upupu umekauka. Vaeni mikono mirefu na suruali, na anayetangulia asichape vichaka kwa fimbo, maana anawamwagia wa nyuma yake.

Viatu viwe raba zenye meno. Kabla ya kushuka kaza kamba karibu na kifundo, la sivyo vidole vitagonga mbele na kucha zitaondoka.

Mwendo nao huharibiwa na wenye mbio. Wanafika mbele, wanapumzika, na wa mwisho akitokea tu wanasimama waondoke; mchovu kuliko wote ndiye asiyepumzika kabisa. Awepo mfunga msafara asiyepitwa na mtu, na dakika 10 za mapumziko zihesabiwe tangu yeye afike.

Wanaokwenda Rondo au Litipo, mkoani Lindi, wajue hiyo ni misitu ya hifadhi: waanzie kwa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) kuomba kibali. Kwa Newala, kwa kuwa bonde lile linakwenda hadi mpaka wa Msumbiji, orodha ya majina na namba za simu ibaki kwa mtendaji kabla ya kushuka, na kila jina likatwe mwenyewe akionekana juu.

Mdau wa matembezi,
Newala