Kiwanja Chako Kina Thamani Gani Tarehe 31 Desemba?

Kila unapofika msimu wa kufunga hesabu, baadhi ya wateja wetu hutuletea ripoti ya mthamini iliyoandaliwa walipokuwa wakiomba mkopo benki. Kwa kawaida ripoti hiyo ina namba mbili: thamani ya soko na, chini yake, thamani ya mauzo ya lazima, ambayo ni ndogo zaidi kwa sababu benki hutaka kujua itaambulia nini ikilazimika kupiga mnada. Kisha mteja huuliza ni ipi kati ya hizo iingie kwenye mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya kampuni. Tumeona heri tulijibu kwa maandishi, kwa kuwa kosa hili huharibu hesabu za mwaka mzima, na mara nyingi hugunduliwa na mkaguzi wakati muda wa kulirekebisha umekwisha.

Thamani ya mauzo ya lazima haiingii; mali inapopimwa kwa bei ya sasa, kinachotakiwa ni thamani ya haki. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu kiitwacho IFRS 13, kilichotolewa Mei 2011 na kuanza kutumika 1 Januari 2013, kinaeleza kwamba thamani ya haki ni bei ambayo ungepokea kwa kuuza mali, au ungelipa ili mwingine alibebe deni lako, katika mauziano ya utaratibu baina ya washiriki wa soko siku ile ya upimaji. Mauziano ya utaratibu maana yake mali imekaa sokoni kwa muda wa kawaida, wanunuzi wamepata nafasi ya kuikagua, na muuzaji hajabanwa. Kwa hiyo namba ya mnada haifai. Haifai pia bei uliyonunulia miaka kumi iliyopita, wala ile unayoitarajia lami itakapofika, isipokuwa kama wanunuzi wa leo nao wameshaanza kuilipia lami hiyo.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba kipimo hiki humtazama mnunuzi, wala hakiulizi mwenye mali amepanga nini. Kiwanja unachoegeshea malori, kikiwa katika eneo linaloruhusiwa kisheria kujengwa majengo ya biashara na wanunuzi wakiwa tayari kukinunua kwa ajili hiyo, hupimwa kwa matumizi hayo yaliyo bora zaidi hata kama wewe huna nia ya kujenga. Sharti ni kwamba matumizi hayo yawezekane kimaumbile, yaruhusiwe na sheria, na yalipe.

Hata hivyo, si kila mali inalazimika kupimwa hivi. Jengo la ofisi yako unaweza kuliacha katika gharama ya awali ukiondoa uchakavu, au ukachagua kulithamini upya, mradi uyathamini majengo yote ya kundi hilo, si lile lililopanda bei peke yake. Ongezeko lake kwa kawaida huenda kwenye akiba ya uthamini, ambayo ni sehemu ya mtaji wa wamiliki, bila kupita kwenye faida ya mwaka. Nyumba unayoipangisha kama kitega uchumi, ukichagua kuipima kwa thamani ya haki, ongezeko lake huingia moja kwa moja katika faida. Tunasisitiza hapa kwa sababu faida hiyo si fedha iliyoko benki, na kampuni inayogawa gawio kwa kuitegemea itajikuta inakopa ili iligawe.

Kwenye kilimo, wilaya ya Mufindi, mkoani Iringa, inatufundisha vizuri, kwa kuwa chai na miti ya mbao huota jirani. Tangu 1 Januari 2016, mchai wenyewe huhesabiwa kama mtambo, kwa gharama na uchakavu, lakini majani mabichi yaliyo juu yake hupimwa kwa thamani ya haki ukitoa gharama za kuuza. Msonobari wa mbao, kwa sababu wenyewe ndio utakaokatwa, hupimwa kwa thamani ya haki. Kama soko lake kuu ni Dar es Salaam, nauli ya kufikisha mzigo huko hutolewa ili kuipata thamani ya haki yenyewe, ilhali kamisheni ya dalali huhesabiwa kando kama gharama ya kuuza. Tumeona hesabu zilizokata nauli mara mbili.

Ubora wa namba hutegemea ilikotoka. Ngazi ya kwanza ni bei iliyotangazwa katika soko lenye harakati kwa mali ileile. Hisa zinazouzwa na kununuliwa mara kwa mara zipo hapa, na bei hiyo huzidishwa kwa idadi ya hisa bila kupunguzwa chochote kwa sababu fungu ni kubwa. Hisa isiyopata mnunuzi kwa wiki kadhaa haistahili ngazi hiyo bila ushahidi zaidi. Ngazi ya pili hutumia vielelezo vinavyoonekana sokoni, kama riba za hatifungani zinazofanana. Ya tatu hutegemea makadirio yako mwenyewe, na ndiyo yenye maelezo mengi zaidi katika taarifa za hesabu.

Upande wa madeni, mikopo mingi ya kawaida haiguswi. Lakini ukinunua biashara ya mwenzako kwa ahadi ya kumlipa nyongeza mauzo yakifikia kiwango fulani, ahadi hiyo ni deni la kupimwa kwa thamani ya haki, na uwezekano kwamba hutaweza kulipa nao huhesabiwa. Matokeo yake, kampuni inapodhoofika deni hilo linaweza kupungua kwenye vitabu. Tukiona hivyo, tunataka lielezwe waziwazi.

Wanaotumia kiwango cha kimataifa cha uhasibu cha biashara ndogo na za kati wafahamu kwamba toleo lake la tatu, lililotolewa Februari 2025 na litakaloanza kutumika 1 Januari 2027, linafuata maana hiihii ya thamani ya haki.

Kwa hiyo, kabla ya kumwita mthamini, mpe barua ya kazi inayotaja tarehe ya upimaji, madhumuni ya hesabu za mwaka badala ya mkopo, na sharti la kuonyesha mauzo aliyolinganisha nayo. Nakala ya barua hiyo ipo ofisini kwetu, na mteja yeyote anaweza kuichukua bila malipo.