Nia ya kuua: sheria ya Uingereza si yetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaase wanafunzi wanaokariri sheria ya jinai ya Uingereza kisha wakaitumia kana kwamba ndiyo Kanuni ya Adhabu yetu ya Tanzania.

Nchini Uingereza, kuua kwa kukusudia huhitaji nia ya kuua au ya kusababisha madhara makubwa ya mwili, na tangu sheria ya mwaka 1957 nia ya kutenda kosa jingine, tuseme unyang'anyi, haishiki tena nafasi ya nia hiyo. Kesi ya Woollin ya mwaka 1998, ya baba aliyemrusha mwanawe mchanga kwa hasira, ilikaza zaidi: asiyelenga kifo wala madhara hayo huhesabiwa kuwa na nia pale tu matokeo hayo yalipokuwa karibu hayaepukiki, naye akijua hivyo. Baba huyo alibaki na hatia ya kuua bila kukusudia.

Kifungu cha 200 cha Kanuni yetu, ambayo asili yake ni utawala wa Waingereza hao hao, bado kinahesabu nia ya kutenda kosa lenye adhabu inayozidi kifungo cha miaka 3 kuwa dhamira ovu, yaani nia inayofanya kuua kuhesabiwe kuwa kwa kukusudia. Walimu wafundishe tofauti hii mapema, kabla ya mtihani.

Msomaji wako,
Dodoma